Malipo ya Titi

Lori la Operesheni lilipowashusha watu na masufuria yao pale Lusu, Minza alikuwa amekaa mlangoni ananyonyesha. Alitazama kama kila mtu alivyotazama: vitanda vya kamba, kuku waliofungwa miguu, vihenge vya mtama vilivyobomolewa na kupakiwa vipande vipande, wazee wakizikodolea macho nyumba zilizopangwa mistari kama watu waliopotea njia. Serikali ilikuwa imesema watu wakae pamoja, wawe na shule moja, kisima kimoja na shamba moja, na mwaka huo hakuna aliyeachwa peke yake porini. Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyebeba jembe lake mwenyewe na kukataa kushikwa mkono. Minza alimtambua kwa shingo tu, kabla hajageuka.

Mtoto aliachia titi akaanza kulia. Maziwa yalikuwa yamekata.

Yule mwanamke alikuwa Ng'washi, mama yake mkubwa, aliyezaliwa tumbo moja na marehemu mama yake. Na kama kulikuwa na mtu mmoja chini ya jua ambaye Minza alikuwa ameapa kumlipa, basi ni huyo.

Kisa chenyewe kila mtu wa pande zile alikijua. Minza alikuwa na dada, Imakulata. Imakulata alipozaliwa, mama yao alishikwa na homa kali akakaukiwa maziwa, na Ng'washi, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga, akambeba yule mtoto akamnyonyesha mpaka akaota meno. Kwa hiyo Imakulata alikuwa na mama wawili, mmoja wa tumbo na mmoja wa titi. Alipokua, huyu wa titi akamtafutia mume kule Ziba, mzee mwenye ng'ombe wa kufunika bonde. Imakulata akakataa. Akampenda Anton, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, kijana asiye na hata mbuzi wa kumsingizia. Siku ya harusi Ng'washi alisimama katikati ya uwanja, mbele ya wakwe na wapiga ngoma, akalitoa titi lake la kushoto, akalishika mkononi akasema, "Hili ulilonyonya, likudai."

Ngoma zilinyamaza. Kwa watu wale hakuna laana inayopita hiyo. Laana ya baba unaweza kuikimbia ukaishi ng'ambo ya mto. Laana ya titi umeimeza, unatembea nayo.

Baada ya miaka, Imakulata alipogusa uvimbe mdogo mgumu kwenye titi lake, nani angehangaika kuuliza ni ugonjwa gani? Ukoo mzima ulishajua. Dawa yake ilikuwa moja: Ng'washi aje, achukue maji yaliyokorogwa unga mweupe wa mtama, ampulizie kifuani na kusema yamekwisha. Wakatuma watu. Ng'washi akajibu, kwanza waje na mbuzi mweusi. Mbuzi akapelekwa. Akasema, aje mwenyewe Imakulata, aje kwa magoti. Uvimbe nao haukuwa ukimsubiri mtu. Siku Imakulata alipofika kwa magoti toka kwenye zizi mpaka mlangoni, huku kidonda kimeshapasuka na kanga imelowa, Ng'washi alimwangalia, akaingia ndani akafunga mlango.

Minza ndiye aliyemshika dada yake bega wakarudi. Minza ndiye aliyempeleka Tabora hospitalini walipokwisha kukata tamaa na maji. Daktari alimwona, akamtoa Minza nje, akamwambia kwa upole, "Mngemleta uvimbe ulipokuwa kama karanga, tungeukata, na huenda angepona. Sasa umeshasambaa." Minza hakulisahau neno lile. Alilibeba, akalilaza pamoja na jina la Ng'washi, vikakua pamoja.

"Umeona nani kashuka?" alimwuliza mumewe jioni ile.

Masolwa alikuwa akinoa panga. "Nimeona. Na wewe umeona. Sasa yapumzishe macho."

"Macho yangu hayajachoka."

"Minza, yule ni mzee."

"Hata nyoka huzeeka."

Nyumba waliyompa Ng'washi ilikuwa mstari wa pili tu. Zamani angeishi kwake Ziba na Minza angeishi kwake Lusu, na chuki ingesafiri siku nzima kabla ya kumfikia mtu. Sasa ilikuwa hatua za kwenda kuomba chumvi.

Akaanza na madogo. Akipishana na Ng'washi hakumwamkia. Kwa mtoto wa dada kumpita mama yake mkubwa bila shikamoo, tena mbele za watu, ni sawa na kumtemea mate. Ng'washi alikuwa akisimama kidogo, akiipa ile shikamoo nafasi ya kuja, isipokuja anaendelea na njia. Kisimani Minza alisema kwa sauti ya kusikika, "Mpisheni mwenye titi kali, asije akatuharibia maji." Wanawake wakacheka kanga mdomoni, wakapisha kweli. Shamba la kijiji nako mstari wa kupalilia wa Ng'washi ukawa hauna jirani. Bwana Damas, balozi wa nyumba kumi, akaja kuonya.

"Ujamaa ni udugu, mama," alisema, akikataa kigoda kwa kuwa alikuwa na haraka na mambo ya undugu kwenye nyumba nyingine.

"Mimi na yeye ni ndugu tayari, bwana balozi. Ndiyo maana unaona hivi."

Mvua za kwanza zilikwisha, pamba ikaanza kufungua macho, na siku moja mchana, jua likiwa wima, Ng'washi akaja mlangoni kwa Minza. Alikuja na Damas kama shahidi. Hakubisha hodi mara mbili. Alipiga magoti nje, kwenye vumbi, kabla hata hajakaribishwa.

"Mwadila," alisema, salamu ya nyumbani.

Minza hakuitikia. Alikuwa akitandaza michembe ya viazi kwenye jamvi ikauke, akaendelea kutandaza.

"Dada yako amenirudia," Ng'washi alisema. "Upande uleule. Titi lilelile."

Hapo mikono ya Minza ilisimama.

"Sema vizuri."

"Nimekwisha sema. Nililitaja, sasa ananidai. Yeye hayupo wa kunipulizia. Umebaki wewe uliyelala naye tumbo moja. Nimekuja kwa magoti, kama alivyokuja."

"Hebu nione," Minza akasema.

Damas akageukia barabarani, akawa anahesabu ndege. Ng'washi akafungua kanga. Lilikuwa titi la kikongwe, bapa, lililonyonywa na watoto wengi, na Minza akanyoosha vidole vyake ambavyo bado vilikuwa na wanga wa viazi, akabonyeza pale alipoonyeshwa. Akakipata. Kitu kigumu, kisichotaka kusogea, kimejificha juu karibu na kwapa.

Kilikuwa kama karanga.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Ndiyo maana najua si ugonjwa."

Minza akafunga ile kanga mwenyewe, kwa mikono miwili, polepole. Damas alipogeuka alidhani anaona huruma.

"Jumamosi," Minza alisema. "Njoo Jumamosi, watu wawepo. Nitakupulizia."

Ng'washi akainama mpaka paji la uso likagusa vumbi. Walipoondoka, Minza aliketi juu ya jamvi, katikati ya michembe, na moyo ukamdunda kama wa bibi harusi. Wala hakuhitaji sumu, wala hakuhitaji mganga wa kumloga. Angempa tu yule mwanamke kile alichokuja kukiomba. Angempulizia maji, angemwambia yamekwisha, na Ng'washi angekwenda zake akipalilia na kushukuru, huku ile karanga ikiota mizizi. Atakapokuja kushtuka, kanga imelowa. Njia aliyopita Imakulata ataipita yote, kipande kwa kipande, na hakuna mtu, si balozi, si padri, atakayeweza kusema Minza alimfanyia nini zaidi ya kumsamehe.

Jioni ile alikwenda kisomo kama kawaida, mtoto mgongoni, ubao mdogo mkononi. Darasa lilikuwa chini ya bati la ghala la pamba, taa ya karabai katikati, wanawake wakiandika majina yao kwa ulimi nje ya mdomo. Alhamisi ilikuwa siku ya afya, na aliyefundisha ni Apolinaria, muuguzi wa zahanati. Somo la siku hiyo lilikuwa choo na kuchemsha maji. Watu walipokuwa wakitawanyika Minza alibaki nyuma.

"Dada, nikuulize. Uvimbe kwenye titi, mdogo, mgumu, hauumi. Ukiachwa?"

Apolinaria aliacha kufuta ubao. "Usiouma ndio unaodanganya. Mtu anangoja maumivu yamwamshe, na yenyewe yanakuja mwisho. Si kila uvimbe ni kansa, mwingine ni maziwa yameganda tu. Lakini mgumu usiosogea, tena kwa mtu mzima, huo ni wa kukimbilia Tabora. Ukiwahi kukatwa mtu anaishi. Nimewaona walioishi."

"Na usipokatwa?"

"Unajua usipokatwa inakuwaje, Minza. Wewe ulimwosha dada yako." Akamtazama. "Nani anao?"

"Hakuna."

"Ni wewe?"

"Nimesema hakuna. Nimeuliza kwa ajili ya kujua. Si ndiyo kisomo?"

Akaondoka upesi. Njiani alijikuta anaimba. Masolwa aliyekuwa akimsubiri mlangoni akasema siku hizi nyumba imekuwa na redio. Ijumaa alisaga ule mtama kwa mikono yake, akauchekecha mara mbili ukawa laini kama vumbi la barabara ya zamani ya wapagazi. Hata wakwe zake hakuwahi kuwasagia unga namna ile.

Jumamosi watu walijaa. Wengine walileta vigoda. Waliojua kisa walikuja kuona mwisho wake, na wasiokijua walikuja kwa kuwa wanaojua wanakwenda. Minza alitoka na kibuyu, mtoto amempa jirani. Ng'washi akapiga magoti katikati ya uwanja akafungua kifua, na safari hii hakuna aliyegeuka kutazama ndege.

Minza akavuta funda moja, akaliweka mdomoni. Unga ulikuwa mtamu kidogo.

Akainama. Uso wa Ng'washi ulikuwa chini yake, macho yamefumbwa, na Minza akaona kitu ambacho hakukitarajia. Uso ule ulikuwa umetulia. Mikunjo yote iliyokuwepo tangu lori lilipomshusha ilikuwa imelegea, kama ya mtoto aliyeambiwa hatapigwa tena.

"Nipulizie, mwanangu," Ng'washi alinong'ona. "Nife nimesamehewa."

Na hapo ndipo ghadhabu ilipompanda Minza upya, kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kumbe huyu atakufa ametulia hivi. Atapata maumivu, ndiyo, lakini atayabeba kama mtu aliyesafishwa. Imakulata alikufa akiamini amelaaniwa, akigeuza uso ukutani kwa aibu. Huyu alale akijiona amesamehewa, na asijue mpaka siku ya mwisho kwamba amelipizwa? Kisasi gani hicho, anayelipwa hana habari nacho? Minza aliona alivyokuwa karibu kudhulumiwa na hila yake mwenyewe.

Akageuza shingo, akatema yale maji mchangani.

Umati ukaguna. Ng'washi akafumbua macho.

"Sipulizi," Minza alisema, na unga umemganda midomoni. "Titi hili lilimla dada yangu. Nalitaka."

"Mama," Damas akasema, "unalitaka vipi? Titi si kuku."

"Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anakwenda kwa nani, bwana balozi? Wewe umetuamulia kesi ngapi?"

Damas akajikuna shingo. "Kwa desturi, ng'ombe aliyeua anakwenda kwa wafiwa."

"Basi. Aliyemuua Imakulata ni hilo. Likatwe. Litakatwa Tabora, na mwenye kisu ni daktari, si mimi, msije mkasema nimeua mtu. Likishatoka, ndipo nitapuliza. Kabla ya hapo hata akija kwa tumbo sina maji."

Watu walianza kusema wote kwa pamoja. Bibi mmoja alisema huo ni ukatili, kizazi cha kisomo hakina moyo. Mwingine akasema, lakini sheria ya ng'ombe ni sheria ya ng'ombe. Masolwa aliinamisha kichwa kwa aibu. Ni Apolinaria peke yake, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na gauni lake jeupe la kazi, aliyetaka kusema neno, kisha akamtazama Minza na kulimeza.

Ng'washi alikuwa bado amepiga magoti. Kama angeambiwa ni ugonjwa, nenda hospitali, asingeinuka pale. Jana yake Apolinaria, habari zilipomfikia, alimwambia hivyo kisimani, naye alimjibu kwamba laana haina sindano. Lakini hili alilielewa. Lilikuwa katika lugha yake.

"Ni haki yake," alisema mwishowe, akafunga kanga. "Mwambieni mwenye basi aniwekee nafasi."

Walisafiri Jumatatu, wao wawili na mtoto, maana Minza alisema mdai hukaa na mdaiwa mpaka alipwe. Hawakusemeshana mpaka Nzega, wala baada ya Nzega. Basi lilikuwa likifuata ile njia ambayo babu zao walibebea pembe za ndovu za watu wengine mpaka pwani, na Ng'washi, amekumbatia kifurushi chake, alikuwa akiitazama miembe ikipita dirishani kama anayeaga kila mmoja. Mtoto alipomtupia Ng'washi mkono, Minza aliuvuta akaurudisha.

Kwenye benchi la hospitali Ng'washi aligeuza nia. Aliona mtu anapitishwa juu ya kitanda cha magurudumu, akasimama akasema anarudi kwao. Aliyemketisha hakuwa Minza. Alikuwa mwanamke wa Kihindi wa makamo, amevaa sari ya kijani, Dolatbai mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa amekuja kupimwa kama alivyokuwa akija kila mwaka.

"Shikamoo, mama. Wewe naogopa kisu?"

"Marahaba. Siogopi kisu. Naogopa kubaki nusu."

Dolatbai akacheka mpaka bangili zikalia. "Basi angalia mimi. Nusu gani hapa?" Akajipiga kifuani, upande wa kushoto, pakatoa sauti ya mto. "Pamba. Pamba ya Nzega hii, daraja la kwanza. Mtoto wangu mdogo alikuwa hajaanza shule walipokata. Sasa ana ndevu, anagombana na mimi dukani. Bwana yangu alilia wiki nzima, mimi nikamwambia, lia tu, lakini chai nani atapika, mimi bado hapa."

Ng'washi alilitazama lile titi la pamba kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama wakati wa kufua analitoa au anafua nalo, na wakaingia kwenye maongezi ambayo Minza hakualikwa.

Daktari alimpima, akauliza maswali, na Ng'washi akajibu kama mtu aliye mahakamani. Kuna mwingine kwenye ukoo aliyepata hivi? Yuko, mtoto wa dada yangu. Na huyo dada yako yuko hai? Hayupo, tumbo lilimvimba likajaa maji, akakonda kila mahali ila tumbo. Tulijua amelogwa na jirani. Tukamchomea huyo jirani nyumba.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza taratibu, akimtazama Minza zaidi ya mgonjwa. Tumbo la namna hiyo lina sababu nyingi, na huwezi kumpima mtu aliye kaburini. Lakini mwanamke ana vifuko viwili ndani, vinavyotunza mayai ya uzazi, navyo hupata kansa. Kansa hiyo hukaa kimya muda mrefu, mtu anaona amevimbiwa tu, anashiba upesi, gesi haimwishi, na wakati mwingine ndiyo inayojaza tumbo maji. Na kuna koo ambazo kansa hii na ile ya titi hutembea pamoja, kwa mama, kwa dada, kwa shangazi. Si laana na si kosa la mtu. "Ni damu tu," alisema. "Na wewe mama unayenyonyesha, damu hiyo ni yako. Nitataka upimwe kabla hamjaondoka. Usiogope. Mwenye kujua ana nafasi ambayo wao hawakuwa nayo."

Minza aliitikia ndiyo bila kusikia. Macho yake yalikuwa kwa Ng'washi, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kupoteza ule utulivu.

Wakamkata. Siku aliyoweza kukaa, Minza aliingia wodini na kile alichokuwa amekuja nacho toka Lusu, alichokibeba miaka yote. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Nimelipa," Ng'washi alisema kabla yake. Bendeji ilimzunguka kifua kizima na sauti ilikuwa ya mbali. "Liko wapi sijui, lakini nimelitoa. Nipulizie."

"Maji hayana kazi, mama mkubwa. Hayakuwa nayo hata siku ile. Ulimsikia daktari. Hukuwa na laana yoyote ya kumpa Imakulata. Ulikuwa na maneno tu." Minza aliionyesha ile bendeji kwa kidole. "Angeletwa hapa lilipokuwa kama lako, angekuwa amekaa kama wewe ulivyokaa sasa. Anakunywa uji. Nimetaka uishi ili ulijue hilo. Ndilo deni lenyewe. Titi lilikuwa njia tu."

Wodi ilikuwa na kelele za mchana, vikombe vya bati na watu wakiita ndugu zao.

"Kwa hiyo sikumuua kwa titi," Ng'washi alisema. "Nilimuua kwa mlango."

Minza akashika chuma cha kitanda.

"Ningeweza kusema nilishikwa na hasira, laana ikanitoka, haikurudi. Nimekuwa nikijiambia hivyo. Laana ni kubwa kuliko mtu. Lakini mlango nilifunga kwa mkono huu." Aliutazama ule mkono. Hakulia. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikienda, kama mtu anayetafuna kitu kisichotafunika. "Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilimsikia akipumua."

Hili ndilo Minza alilolitaka. Lilikuwa limekuja zima, bila kupungua, na alisimama akilitazama. Alitaka kuondoka akiwa ameshiba. Badala yake aliona njaa iko palepale, na ile mikono ya kikongwe juu ya blanketi la hospitali ilikuwa na vidole virefu vya mama yake.

"Na nyie," Ng'washi akasema, akiinua macho, na ukali wa zamani ukarudi kidogo, "nilipokuwa nimefunga mlango, nyie mlikuwa wapi? Barabara ya Tabora ilikuwa imefungwa? Mlikaa mkiningoja mimi, mavuno mpaka mavuno. Nilikuwa mimi daktari?"

Minza alimwona moyoni baba yao akimtafuta mbuzi mweusi kijiji kwa kijiji, na yeye mwenyewe akimfunga kamba, akifurahi wamempata.

"Tulikuwa hatujui," alisema mwishowe.

"Hata mimi."

"Wewe ulijua anaumia."

"Ndiyo," Ng'washi alisema. "Hilo nilijua."

Muuguzi akachungulia mlangoni akaita jina la Minza. Zamu yake ya kupimwa ilikuwa imefika. Minza akaanza kwenda, mtoto mgongoni, na muuguzi akamzuia: mtoto abaki nje, chumba ni kidogo na daktari atahitaji alale. Minza akageuka kutafuta mtu. Dolatbai alishakwenda dukani kwake. Vitanda vya jirani vilikuwa vya watu waliolala.

"Mlete," Ng'washi alisema.

Minza aliikaza mbeleko.

"Mkono mmoja unatosha. Nimelea kwa mmoja nikipalilia kwa mwingine."

"Mama, daktari anangoja," muuguzi alisema.

Minza akafungua mbeleko. Akamshusha mtoto, akamwinamia yule mwanamke, akamweka upande wa kulia, ule usiokuwa na bendeji, na mkono wa Ng'washi ukamzunguka kwa namna ambayo haifundishwi.

"Ukimwangusha sitakusamehe."

"Hujanisamehe hata la kwanza."

"Bado," Minza alisema.

Mtoto, asiyejua habari za watu, alishaanza kusugua uso kwenye kanga ya kikongwe akitafuta chakula. Minza alitazama hilo kidogo tu. Kisha akaingia chumba cha daktari, akifungua vifungo vya blauzi njiani.